Adija Hachoki

Adija Abilahi alikuwa anafunga kamba za viatu huku amefumba macho. Hakuwa anacheza, alikuwa anasinzia. Kamba ya kiatu cha kushoto akaifunga na ya kiatu cha kulia, akainuka kwenda kuchukua baiskeli, na puu! akaanguka kifudifudi mlangoni. Mama yake akatoka chumbani mbio, kanga moja begani.

"Wee Adija! Mtoto umechoka wewe. Rudi kitandani."

"Sijachoka, mama."

"Hujachoka, nawe umelala chini kama gunia la mkaa?"

"Nimejikwaa tu."

Hilo neno "sijachoka" lilikuwa limemkaa mdomoni msichana huyu kuliko hata salamu. Alikuwa mwanafunzi wa darasa la sita hapa Kilwa Masoko, mwembamba, mwenye magoti yaliyojaa makovu ya kuanguka. Kila siku baada ya swala ya alfajiri alivaa suruali na kilemba chake, akashika barabara ya lami ya kwenda Nangurukuru, akaendesha mpaka jua limchome usoni, kisha akageuza. Akitoka hapo ni shule. Akitoka shule ni kuchota maji, kuosha vyombo, halafu lami tena mpaka magharibi. Darasani kichwa kilimwangukia mezani katikati ya hesabu, na alipokiinua, kona ya daftari ilikuwa imemwachia alama shavuni. Wenzake walicheka mpaka mwalimu akagonga meza.

"Umechoka, Adija?" mwalimu aliuliza.

"Sijachoka, Mwalimu."

Haya, na ubishi wote huo ulitoka wapi? Ulitoka Lindi. Mwaka uliopita, kwenye mashindano ya baiskeli ya vijana Lindi mjini, Adija aliongoza tangu mwanzo mpaka karibu na mwisho, kisha miguu ikamgoma. Wasichana wakampita mmoja baada ya mwingine. Mbaya zaidi, pale alipoishiwa nguvu palikuwa na kibao cha barabarani kilichoandikwa PUNGUZA MWENDO. Mvulana mmoja wa shuleni kwao akapiga kelele, "Jamani, Adija anatii kibao!" Basi jina likaganda. Punguza Mwendo huku, Punguza Mwendo kule, hata watoto wa darasa la kwanza walimwita hivyo, na Adija alikuwa anaumia. Usiku alilia kwenye mto wake wa kulalia, asubuhi akajifanya hajali.

Akajiambia kwamba alishindwa kwa sababu alichoka, na alichoka kwa sababu ni mvivu. Mfano alikuwa nao nyumbani. Baba yake, Abilahi, alikuwa mchuuzi wa samaki. Aliondoka gizani na tenga kwenye keria ya baiskeli, akarudi jioni anapiga mluzi, na Adija hakuwahi kumwona amekaa chini kwa kuchoka. Baba hachoki, alisema moyoni, na mimi mtoto wake sitachoka.

Mwaka huu mashindano yalibadilika. Siku ya kwanza ilikuwa ya lami, lakini siku ya pili ilikuwa ya njia za milimani, zenye mchanga, mizizi na mawe. Adija hakuwahi kupanda mlima wowote kwa baiskeli. Masoko penyewe tambarare, mlima atautoa wapi? Ndipo Mwalimu Genoveva, mwalimu wa michezo, alipokwenda kuzungumza na wazazi wake. Mwalimu alikuwa mzaliwa wa Rondo, kule juu, bara ya Lindi. Alisema ameazima baiskeli ya gia yenye matairi manene, na likizo ya Juni angependa kumchukua Adija wakafanye mazoezi nyumbani kwao.

Mama alisita. "Mwalimu, na chakula huko?"

"Kuku atachinjwa na Mzee Shamte, jirani yetu, mtu wa msikitini kila siku. Mama Adija, usiwe na wasiwasi hata kidogo."

"Mimi wasiwasi wangu ni mwingine," mama akasema, akimtazama binti yake aliyekuwa anapiga miayo nyuma ya mlango. "Huyu mtoto hajui kupumzika."

"Atajua," Mwalimu akajibu. Laiti ingekuwa rahisi hivyo.

Walifika Rondo jioni, juu ya mizigo ya lori, wametapakaa vumbi. Kulikuwa na baridi ambayo Adija hakuijua, na ukungu ulikuwa unaingia polepole kati ya mikorosho. Mbele ya nyumba ya matofali alisimama mzee mrefu mwenye macho mekundu. Huyo ndiye Mzee Ambrosi, baba yake Mwalimu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu. Usiogope haya macho, ni salfa hiyo. Msimu wa kupuliza huu."

Watu wa korosho wanaijua salfa. Ni unga wa njano unaopulizwa kwenye mikorosho inapoanza kutoa maua, ili maua yasiliwe na ugonjwa wa ubwiriunga. Mzee Ambrosi aliivaa mashine mgongoni alfajiri, wakati majani yana umande na upepo umelala, ili unga upate kushika vizuri. Mikorosho iliyokuwa karibu na nyumba aliipanda yeye na marehemu mkewe, na ndiyo iliyozaa kuliko yote shambani.

Katika nyumba hiyo aliishi pia Joyce, mjukuu wa mzee, rika moja na Adija, mwenye mdomo usiokaa kimya. Kesho yake aliizunguka ile baiskeli ya gia, akabonyeza tairi kwa kidole gumba, akaguna.

"Tairi gumu kama jiwe! Nyie watu wa pwani mmezoea lami inayowabembeleza. Huku punguza upepo."

"Tairi laini linarudisha nyuma," Adija akasema. "Sisi kwetu tunajaza mpaka linalia ting."

"Haya, ting yako. Nenda, mimi nakuja nyuma kukuokota."

Na kweli akaokotwa. Kwenye mchanga gurudumu la mbele liliteleza kama sabuni, kwenye mizizi likaruka, kwenye mteremko Adija akabana breki zote mbili akaenda kukumbatia kichaka. Joyce alicheka mpaka akakaa chini. Jioni mapaja ya Adija yalikuwa yanatetemeka, na alipokaa kula, mkono ulichelewa kufika mdomoni.

Mwalimu Genoveva aliuona mkono ule. "Adija, sikiliza masharti ya hapa. Alfajiri hakuna kutoka na baiskeli. Babu anapuliza salfa, na ile si kitu cha kuvuta. Unasubiri jua likaushe umande. Na ukiendesha siku mbili, ya tatu unapumzika. Tumeelewana?"

"Ndiyo, Mwalimu. Ila mimi sijachoka."

"Sijakuuliza kama umechoka."

Siku ya mapumziko ilipofika, Adija alikaa barazani na Joyce wakipepeta mchele, na kila punje aliyoitoa aliiona kama msichana mwingine anayempita. Mwili ulikuwa unamwomba alale. Macho mazito, shingo nzito, hata kuinua ungo ilikuwa kazi. Lakini kichwani alisikia lile jina, Punguza Mwendo, na sauti ya baba yake akipiga mluzi. Akaona akipumzika leo, Lindi atatukanwa tena.

Kesho yake alfajiri alitoka polepole, baiskeli ameibeba ili cheni isipige kelele. Alizunguka njia ya nyuma ya mashamba, akarudi kabla Mwalimu hajaamka, akajipongeza. Miguu ilikuwa mizito kama imefungwa mawe, lakini hilo hakulihesabu. Mchana akaendesha tena pamoja na Mwalimu kama kawaida.

Alfajiri iliyofuata akatoka tena. Safari hii alichelewa kuamka, na kwa haraka akakata katikati ya shamba la babu. Mashine ilikuwa inanguruma. Mbele yake, chini ya mikorosho, wingu la njano lilikuwa limetanda kama chokaa iliyomwagwa hewani. Mtu aliyelala vizuri angesimama. Adija akasema, nikipita mbio sitavuta.

Akaingia. Macho yakashika moto papo hapo. Akavuta pumzi bila kutaka, na koo likamkaba, kifua kikamchoma. Gurudumu la mbele, gumu kama siku zote, likagonga mzizi. Alianguka ubavu, akatambaa kwa magoti, akakohoa mpaka akatapika. Mzee Ambrosi alikuwa upande wa pili, amefunga kitambaa puani na ngurumo mgongoni, hakuona kitu.

Adija aliburuta baiskeli mpaka nyumbani, akaiegemeza mahali pake, akatumbukiza uso kwenye karai la maji. Alipoinua kichwa, Mwalimu Genoveva alikuwa amesimama mbele yake na taa ya simu.

"Mungu wangu! Macho yamekuwaje? Ulikuwa wapi?"

Kikohozi kilimpa Adija muda wa kufikiri, na akautumia vibaya. "Hapa hapa barazani, Mwalimu. Nilikuwa nimekaa tu. Salfa ikaja na upepo."

"Hapa barazani?"

"Ndiyo."

Mwalimu alimpeleka zahanati asubuhi hiyo hiyo. Mganga alimsafisha macho kwa maji mengi, akauliza salfa ilimkuta wapi, na Adija akarudia uongo ule ule. "Basi ni kidogo," mganga akasema, akatoa dawa ya kikohozi. "Lakini mkapulize mbali na nyumba. Kama inafika barazani, siku nyingine itamdhuru mtu."

Waliporudi, Mwalimu Genoveva hakukaa hata kunywa maji. Alimfuata baba yake uani.

"Baba, nilikuambia nina mtoto wa watu hapa! Unawezaje kupuliza mpaka barazani? Nitamwambia nini Abilahi?"

"Mimi nilikuwa mbali, mwanangu. Upepo ulikuwa umelala."

"Umelala, na mtoto macho kama pilipili?"

Mzee alionekana kuchoka, si uchovu wa kazi tu. Mwisho akasema, "Sawa. Ya karibu na nyumba siigusi tena. Nitapuliza ya kule mbali tu." Akaibeba mashine, akaiingiza stoo, akafunga mlango.

Adija alisikia kila neno akiwa kitandani. Akajifunika shuka mpaka kichwani.

Siku zilizofuata alihudumiwa kama mzazi. Babu mwenyewe alimletea uji wa moto, akamsimamia anywe. Joyce akamwachia blanketi lake. Kila mtu alikuwa mwema, na kila wema ulimkaa kooni vibaya kuliko salfa. Kifua kiliendelea kubana. Hata hivyo, alipoulizwa, alisema nimepona, kwa kuwa alitaka baiskeli. Mwalimu akamruhusu kuendesha kidogo, na Adija akapanda kilima akikohoa kwa siri kwenye kiganja.

Asubuhi moja Joyce alimvuta mkono mpaka kwenye mikorosho ya karibu na nyumba. Safari hii hakuwa anacheka.

"Angalia haya maua."

Adija akatazama. Kwenye vishada kulikuwa na unga mweupe. "Si salfa hiyo?"

"Salfa ni ya njano. Huu ndio ubwiriunga. Zamu ya kupuliza huku imepita. Ukiachwa, maua yote yanakauka, na ua likikauka hakuna korosho." Joyce alipangusa pua kwa mkono. "Hii mikorosho ndiyo iliyonipeleka mimi shule. Babu jana alikuja akasimama hapa peke yake, akaondoka. Hataki kugombana na shangazi."

Adija aligusa kishada kimoja, unga mweupe ukamganda kidoleni. Akisema ukweli, Mwalimu atamrudisha Kilwa, na mashindano ndiyo basi. Atabaki Punguza Mwendo maisha yake yote. Akinyamaza, haya maua yatakufa, na mzee ataendelea kumletea uji. Alisimama pale mpaka Joyce akamwacha akaenda zake.

Babu Ambrosi alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya jiko, anamenya mihogo.

"Babu."

"Naam, mjukuu wangu."

"Ile asubuhi sikuwa barazani."

Kisu kilisimama. "Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa shambani, na baiskeli. Niliona wingu nikapita katikati. Upepo haukuleta salfa nyumbani. Mimi ndiye niliyeifuata." Hapo machozi yakamtoka, na kikohozi juu yake. "Hukukosea kitu, babu. Mimi nilidanganya."

Mzee alimsubiri amalize kukohoa. "Nilisikia kishindo kwenye majani," akasema polepole. "Nikajua ni ngiri."

"Nilikuwa mimi."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa Mwalimu atanirudisha nyumbani."

"Na sasa huogopi?"

"Naogopa, babu. Naogopa sana. Lakini maua yanakufa."

Mzee Ambrosi aliweka kisu chini, akajipangusa mikono kwenye suruali. "Njoo tukamwambie Mwalimu wako. Mimi nitakaa karibu."

Mwalimu Genoveva alikuwa anafua. Adija alieleza yote, tangu alfajiri ya kwanza, hakuacha kitu. Mwalimu alisikiliza na shati la sabuni mkononi, maji yakamdondokea miguuni. Aliyemgeukia kwanza hakuwa Adija.

"Baba, nisamehe. Nilikupandishia sauti bila kukusikiliza."

"Yamepita, mwanangu. Kesho naamka mapema, basi."

Kisha akamgeukia Adija, na uso ukabadilika. "Wewe! Ingekuwa kuna gari hapo nje, leo ungelala Kilwa. Umemdanganya mganga, Adija. Mganga! Amekupa dawa ya mtu aliyekuwa barazani, na wewe ulikuwa ndani ya wingu. Ungekufa mikononi mwangu nikiwa nakupa dawa ya kikohozi!" Akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. "Kwa nini? Nilikupa siku ya kupumzika. Kwa nini hukupumzika?"

"Kwa sababu... nikipumzika nitakuwa mvivu."

"Na umechoka?"

Adija alifungua mdomo. Lile neno lake lilikuwa tayari, kama kawaida. Safari hii halikutoka. Alitikisa kichwa kukubali, halafu akalia kwa sauti kama mtoto mdogo, na Mwalimu akamvuta kwapani pake, sabuni na yote.

Walirudi zahanati. Mganga alipousikia ukweli hakucheka. Alisikiliza kifua upya mbele na nyuma, akambadilishia dawa, akauliza analala kiasi gani na anaendesha mara ngapi. Adija alipojibu, mganga alimtazama Mwalimu, kisha akamtazama yeye.

"Binti, misuli haikui ukiwa juu ya baiskeli. Inakua umelala. Kule barabarani unaichosha tu. Hutagusa pedali mpaka kifua hiki kiwe kimya, na mimi ndiye nitakayesema kimenyamaza."

Mwalimu hakumrudisha Kilwa. Alisema adhabu ya kumrudisha ni nyepesi mno. Atakaa hapo hapo, ampikie babu uji wa asubuhi kabla hajakwenda kupuliza. Baiskeli ikafungiwa stoo, mahali ilipotolewa mashine. Usiku ule Adija alilala. Alilala akapitiliza alfajiri, akapitiliza chai, Joyce akaja kumwekea mkono puani.

"Anapumua," Joyce akatangaza. "Watu wa pwani wanajua kulala, nyie!"

Ilimchukua muda kuzoea kukaa. Siku za kwanza mapumziko yenyewe yalimchosha. Mwili uliuma kila mahali, kama uliokuwa unangoja ruhusa. Alimpikia babu uji, akasali, akalala, akatembea kwa miguu na Joyce kwenye zile njia alizokuwa anaziendea mbio. Kwa miguu aliona mambo. Aliona mzizi unaotokeza kwenye kona, aliona mahali ambapo mchanga ni mkavu na mahali ulipokaza. Kikohozi kikapungua, kikawa cha asubuhi tu, kisha kikaisha.

Mganga alipomruhusu, Adija alitoa baiskeli stoo, akachuchumaa, akabonyeza vali ya tairi. Fyuuu.

"Ehee!" Joyce akapiga makofi. "Punguza tena. Tena kidogo. Hapo!"

Akapanda. Tairi lilikanyaga mchanga likaushika. Kwenye mzizi lilibonyea likapita. Kilima ambacho kilimshinda, alikipanda bila kusimama, na miguu ilikuwa myepesi mpaka akaishangaa. Jioni Mwalimu alimuuliza kama anataka kuendelea kidogo, na Adija akasema, "Leo inatosha, Mwalimu." Mzee Ambrosi, aliyekuwa anaosha mashine yake karibu na hapo, alitabasamu bila kuinua kichwa.

Mikorosho ya karibu na nyumba haikupona yote. Michache ya pembeni, ile iliyoshikwa kwanza, vishada vyake vilikauka vikawa vyeusi, na mwaka huo haikuzaa. Adija aliipita kila siku, na hakuna aliyemwambia kitu. Mingine iliwahiwa.

Mwezi wa nane ukafika, na mashindano yakaanza Lindi. Siku ya lami Adija alimaliza katikati ya kundi, akala, akalala mapema. Siku ya milimani wasichana walitoka kwa fujo, na yeye hakuwakimbilia. Kwenye mchanga, wale waliojaza upepo mpaka ting walianza kuanguka. Kwenye kilima kikali zaidi alishuka, akasukuma baiskeli, watu wakamzomea, "Punguza Mwendo huyo!" Akapumua, akaipanda tena baiskeli kileleni akiwa na nguvu zake zote, akateremka akiwapita wenzake mmoja baada ya mwingine. Kwenye mstari wa mwisho alikuwa wa tatu. Wa tatu! Joyce, aliyekuwa ameshuka kutoka Rondo na babu, alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Mwalimu Genoveva alishika usukani wa baiskeli. "Umechoka, Adija?"

"Nimechoka, Mwalimu. Nimechoka hata siwezi kusimama."

"Basi kaa."

Akakaa hapo hapo vumbini. Baba yake alikuja kukaa pembeni yake. Aliacha samaki siku hiyo ili aje amwone. Mwalimu alikuwa amekwisha kumsimulia kila kitu.

"Nimeambiwa ulitaka kuwa kama mimi," Abilahi akasema. "Baba asiyechoka."

"Kwani wewe unachoka, baba? Mbona unarudi unapiga mluzi?"

Abilahi akacheka kwa mshangao. "Napiga mluzi kwa sababu nimelala! Nikimaliza kuuza pale Nangurukuru, natandika gunia kivulini nyuma ya soko, nalala mpaka adhana ya alasiri. Muulize mtu yeyote wa pale. Wananiita Mzee Usingizi."

"Hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuniuliza. Na mimi nilikuona unasinzia kila jioni, nikajivuna kwamba binti yangu ana bidii. Hapo nilikosea mimi." Akampangusa vumbi usoni kwa kiganja. "Sikiliza, mwanangu. Bidii ni kazi na kupumzika, vyote viwili. Mwili ukikwambia umechoka, unakwambia ukweli. Ukiuficha ukweli huo kwako mwenyewe, kesho utamficha na mwenzako, na kesho kutwa mzee wa watu anapoteza korosho zake. Umeona ulivyotoka hapa ukafika pale? Ukichoka, sema. Tutakungoja."

"Nimesikia, baba."

"Haya, nenda kampe babu mkono, halafu tuondoke. Mama yako anangoja."

Katika basi la kurudi Kilwa, Adija alisinzia kabla hawajatoka mjini, kichwa begani kwa baba yake. Baba naye, mikono kifuani, akaanza kukoroma. Walipofika Masoko abiria wote walishuka, na kondakta akabaki anawatikisa wale wawili waliobaki kwenye kiti cha nyuma.

"Nyie! Mzee! Binti! Tumefika."

Abilahi akafungua jicho moja. "Tungoje kidogo, kijana," akasema. "Tumechoka."